Maji hayasubiri ofisi: Kupweleza mashua katika mpaka wa Kenya na Tanzania

Mvuvi wa Jasini, wilayani Mkinga mkoani Tanga, na mwenzake wa Jimbo, Kaunti ya Kwale, wana vitambulisho vya nchi mbili na hutumia fedha mbili. Ratiba yao ya kazi, hata hivyo, ni moja. Haikupangwa Dodoma wala Nairobi. Hupangwa na mwezi, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Ni ratiba ya maji kupwa na kujaa. Ndiyo inayoamua mashua itoke saa ngapi na irudi saa ngapi, ifike mchangani au ikwame nje kwenye matope, na ikishapandishwa pwani, ikae nchi kavu kwa saa 8 au kwa wiki 2.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefanya kazi kubwa kurahisisha safari ya lori linalopita Lunga Lunga na Horohoro katika barabara ya Mombasa na Tanga. Mashua ndogo haipiti huko. Kituo chake ni ufukwe, na ufukwe hufunguliwa na kufungwa na maji. Anayetaka kuelewa kwa nini biashara na uvuvi wa mpakani una matatizo ambayo muhuri wa pasipoti hautatui, hana budi kuanza na elimu ambayo watoto wa Vanga, Moa na Wete huipata kabla ya kujua kusoma.

Bamvua na maji mafu

Kwenye mwambao huu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa kumoja na kujaa kunakofuata hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo maji yaliyojaa leo saa 10 jioni, kesho yatajaa karibu na saa 11 kasorobo.

Msomaji wa Kisumu, Mwanza au Bujumbura huenda akaliona jambo hili geni. Maziwa yetu hayana kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Mtumbwi ulioachwa ufukweni Mwanza asubuhi utakutwa jioni karibu na maji yaleyale. Ziwa Victoria lilipofikia kiwango cha rekodi Mei 2020, lilichukua miezi kadhaa kupanda. Baharini mabadiliko makubwa kuliko hayo hutokea ndani ya saa 6, kisha hurudi yalikotoka.

Si kila kujaa kuna nguvu sawa. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua. Siku hizo maji hupanda juu kabisa na hupwa mbali kabisa. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, na katika bamvua kubwa za Machi na Septemba hukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu. Bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, na tofauti hubaki karibu mita 1.

Mwambao huu una tabia nyingine ambayo wenyeji wanaijua bila kuangalia jedwali. Siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa 4 na hupwa karibu na saa 10. Ndiyo maana wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba huonekana mashambani mwao asubuhi za bamvua, bahari inapojitoa na kuacha vigingi vikiwa wazi.

Hesabu ya saa sita

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia wa nchi nyingi hutumia hesabu rahisi: tofauti yote hugawanywa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu mafungu 3, saa ya nne mafungu 3, saa ya tano mafungu 2, na saa ya sita fungu 1.

Ichukuliwe siku ambayo tofauti ni mita 3. Saa ya kwanza bahari hushuka sentimita 25 tu, na asiyejua hudhani ana muda wa kutosha. Saa ya tatu peke yake hushuka sentimita 75, na saa ya nne sentimita 75 nyingine. Mashua iliyokuwa ikielea kwenye maji ya kiunoni wakati nahodha anaanza kunywa chai, itakuwa imekaa juu ya mchanga kabla hajamaliza kupatana bei ya samaki.

Kwenye ufukwe ulio tambarare, kama ilivyo sehemu nyingi kati ya Vanga na Moa, mita 3 za kwenda chini ni mamia ya mita za kwenda mbele. Atakayechelewa hatabeba mzigo hatua kumi. Ataubeba kichwani katika matope na mizizi ya mikoko, au atangoja maji yarudi.

Kupweleza na kupwelewa

Kiswahili cha pwani kimetenganisha mambo mawili ambayo mtu wa bara huweza kuyachanganya. Kupweleza chombo ni kukileta pwani kwa makusudi ili maji yakiache kikavu. Kupwelewa ni kuachwa na maji bila kutaka. Neno hili la pili limetoka baharini likaingia katika maisha ya kila siku: mtu aliyekwama na asiyejua pa kushika husema amepwelewa.

Chombo cha mbao hupwelezwa kwa sababu hakiwezi kuishi majini moja kwa moja. Magamba na majani huota chini yake na kupunguza mwendo. Wadudu wa baharini hutoboa mbao. Pamba iliyoshindiliwa kati ya mbao hulegea. Kila baada ya muda mwenye chombo hulazimika kukipandisha, kukikwangua, kutia kalafati upya na kukipaka. Kwa karne nyingi mafundi wa mwambao huu walipaka upande wa chini wa vyombo deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, na sehemu ya juu wakaipaka sifa, mafuta ya papa. Rangi za dukani zimechukua nafasi sehemu nyingi, lakini kazi haijabadilika: inahitaji mbao kavu, na mbao hukauka pale tu bahari inapoondoka.

Vyombo vyenyewe havifanani. Mtumbwi na ngalawa, pamoja na ndubi zake mbili, hukaa mchangani bila shida kwa kuwa ni vyepesi na chini havina ncha. Mashua na jahazi zina mkuku. Maji yakiondoka, chombo chenye mkuku hulala upande, na uzito wote huangukia mbao chache. Dawa yake ni gadi, yaani miti ya kuegemeza, ambayo kwa desturi ni boriti za mikoko. Gadi huwekwa pande zote mbili wakati maji yangali yakikishika chombo, maana kikishalala, kukiinua ni kazi ya watu wengi.

Pasipo gadi, nahodha makini huhakikisha chombo kinalalia upande wa nchi kavu, mgongo wake ukielekea baharini. Kikilalia upande wa bahari, maji yanaporudi huingia ndani kabla hayajapata nguvu ya kukiinua. Kwa chombo kilichopwelewa juu ya mwamba, hatari kubwa iko wakati huo wa kurudi. Wimbi huinyanyua mashua kidogo na kuiangusha, tena na tena, mpaka taruma zivunjike.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mchanga, nanga huangushwa nyuma, upande wa tezi, maji yakiwa bado ya kina. Kamba yake ndiyo itakayokivuta chombo kutoka pwani maji yatakapojaa.

Siku gani, saa gani

Kosa linalogharimu zaidi ni la tarehe. Anayepandisha mashua kwenye kilele cha bamvua, maji yakiwa juu kabisa, ameiweka mahali ambapo maji ya kesho hayatafika, wala ya keshokutwa. Katika siku za maji kufa, kimo cha kujaa kinaweza kupungua kwa sentimita 10 hata 20 kwa siku. Mashua hiyo itangoja bamvua nyingine, karibu wiki 2 baadaye. Kwa anayebadilisha mbao au kuunda upya tezi, hiyo ni nafasi nzuri. Kwa aliyekuja kushusha magunia tu, ni hasara ya siku 14 za kazi.

Anayetaka kupaka rangi na kuondoka siku hiyohiyo hufanya kinyume. Huchagua siku ambazo maji yanakua, yaani kati ya maji mafu na bamvua. Hapo kila kujaa hupita kulikotangulia, na chombo hakiwezi kunyimwa maji ya kuelea. Hukigusisha mchanga baada ya maji kuanza kupwa, kamwe si kwenye kilele chenyewe.

Hesabu yake ni hii. Maji yakijaa saa 10 alfajiri na mashua ikagusa chini saa 12 asubuhi, itaelea tena karibu na saa 8 na nusu mchana. Mafundi wana takriban saa 8, ukitoa muda wa kungoja mbao zikauke. Wakichelewesha kugusa chini kwa saa moja zaidi, wamepoteza saa 2, moja mwanzoni na moja mwishoni.

Chombo kinachopandishwa juu kabisa ya ufukwe huvutwa juu ya nyenzo, magogo ya mviringo yanayotangulizwa chini ya mkuku. Methali isemayo chombo hakiendi ila kwa nyenzo ilizaliwa hapo, kabla neno hilo halijaingia katika ripoti za miradi ya maendeleo. Wavutaji huitwa kutoka ufukwe mzima, na wito wa kuvutia uzito kwa pamoja, harambee, ndio ambao Jomo Kenyatta aliufanya kauli ya taifa la Kenya. Aliyeshika kamba hapewi mshahara. Hupewa kitoweo. Wala haulizwi ametoka upande gani wa mpaka.

Haki ya kuvua, shida ya kufika

Nchi hizi mbili hazikuanza jana kuzungumzia wavuvi wao. Makubaliano ya mpaka wa baharini kati ya Kenya na Tanzania, yaliyofikiwa kwa kubadilishana barua Desemba 1975 na Julai 1976, yaliruhusu wavuvi wenyeji wanaovua kwa ajili ya riziki kuvua ndani ya maili 12 za baharini upande wowote wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Waliochora mstari walijua kwamba samaki hawauoni.

Desturi ilikuwapo kabla ya makubaliano. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakienda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi mbali na kwao, hasa msimu wa kaskazi bahari inapotulia. Wengi walifika pwani ya Kenya, na baadhi walibaki, wakaoa na kuzaa huko. Kwa miongo mingi vizazi vyao viliishi bila vitambulisho, hadi mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa jamii ya nchi hiyo na kuanza kuwapa uraia. Historia hiyo yote ilianzia ufukweni, chombo kimoja baada ya kingine kikigusa mchanga.

Lakini haki ya kuvua si haki ya kupandisha mashua popote, saa yoyote. Mashua inayotoka upande mmoja na kupandishwa upande wa pili imeingia nchi nyingine. Watu wake wana taratibu za uhamiaji, mzigo wake una taratibu za forodha, na samaki wake wana taratibu za idara za uvuvi. Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ana utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, lakini lazima aupitishe mahali palipo na ofisa.

Hapa ndipo saa mbili hugongana. Ofisi nyingi za serikali hufuata jua: hufunguliwa karibu na saa 2 asubuhi na kufungwa alasiri au jioni. Siku za bamvua, ambazo ndizo maji hufika juu ya ufukwe na kumwezesha mwenye mashua nzito kushusha mzigo bila kupita matope, kujaa huja saa 10 alfajiri, ofisi ikiwa imefungwa, na saa 10 jioni, watumishi wakiwa wanafunga makabrasha. Saa 4 asubuhi, ofisa akiwa mezani, bahari iko mbali na mashua haiwezi kukaribia. Siku za maji mafu kujaa huangukia saa za ofisi, lakini maji hayo hayafiki juu.

Matokeo yake yanatabirika. Nahodha anayefuata maji huonekana anakwepa sheria, na anayefuata ofisi huhatarisha chombo. Tanzania ina jina la sehemu ambazo vyombo hushusha mizigo nje ya taratibu: bandari bubu. Baadhi ya wanaozitumia ni walanguzi kweli, na dola ina haki ya kuwasaka. Lakini si kila mashua inayogusa mchanga alfajiri imejificha. Nyingine imefika saa pekee ambayo mlango wa bahari uko wazi.

Majedwali yanayodanganya asiyeyajua

Jedwali la kupwa na kujaa hutolewa kwa bandari kubwa za nchi zote mbili, na siku hizi hupatikana pia kwenye simu. Hata hivyo lina mitego. Jedwali huandika saa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 0400 ni saa 10 alfajiri kwa Kiswahili wala si saa 4. Makosa ya namna hiyo humpeleka mtu ufukweni maji yakiwa yamekwisha kupwa.

Kenya na Tanzania zinatumia saa moja, kwa hiyo jedwali la Kilindini na la Tanga yanasomeka pamoja. Anayevuka Mto Ruvuma kuelekea kusini hukuta Msumbiji iko nyuma kwa saa moja. Akiendelea mpaka Beira atakuta pia bahari nyingine kabisa, ambayo bamvua yake huzidi mita 6. Uzoefu wa Mtwara haumtoshi huko.

Tena jedwali huhesabu mwezi na jua, halihesabu upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, mawimbi huzidi na kugusa mchanga huwa hatari hata kama namba kwenye karatasi ni nzuri. Hapo ndipo mkongwe wa ufukwe anapozidi simu.

Kinachowezekana

Mengi ya yanayohitajika si ya gharama. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo Kenya na Tanzania zote zinavyo, vingeweza kubandika kwenye kila diko la mpakani ubao mmoja wenye tarehe za bamvua, saa za kujaa kwa Kiswahili, na siku ambazo ofisa atakuwapo. Zamu za ofisa huyo zingefuata maji: siku chache alfajiri na jioni kila nusu mwezi, badala ya kila siku saa 4 asubuhi mbele ya matope matupu. Kwa kuwa mwezi hutabirika, zamu za mwaka mzima zinaweza kupangwa kabla ya Januari, na pande mbili za mpaka zinaweza kutumia orodha moja.

Jambo la pili ni ardhi. Ufukwe wa kupweleza ni lazima ufike hadi mstari wa bamvua na kupita juu yake kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ukuta uliojengwa na mtu aliyepima pwani siku ya maji mafu, akadhani bahari inaishia pale, huziba mahali ambapo mashua za kijiji zimekuwa zikilazwa na kutiwa kalafati tangu enzi za mababu. Mashua isiyo na pa kupweleza huoza majini.

La tatu ni jambo la dharura. Nahodha aliyepwelewa upande wa pili wa mpaka katika maji yanayokufa hawezi kuondoka hata akiamriwa. Anahitaji siku, pengine wiki 2, na karatasi inayosema hivyo. Mkuu wa kikundi cha ufukwe anaweza kuthibitisha kwa macho: chombo kiko juu, maji hayafiki, bamvua ijayo ni tarehe fulani. Ofisa anayeelewa jedwali ataandika tarehe hiyo kwenye kibali. Asiyelielewa ataandika saa 24, na kesho yake atakuta mashua iko palepale.